Kutoka Kisu hadi Dawa: Tiba ya Uvimbe wa Taya za Watoto Afrika Mashariki na Jaribio la Mara Kaskazini, 1957–1982

Upasuaji wa taya hudai usahihi wa mahali: mfupa ukikatwa, sharti uwekwe pale ambapo meno ya juu na ya chini yatakutana ipasavyo. Hata hivyo, historia ya saratani ya Burkitt inaonyesha kwamba ustadi wa mkono hautoshi iwapo asili ya ugonjwa haijafahamika.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya za juu na za chini, pande zote mbili. Muda mfupi baadaye alimwona mwingine Jinja, mwenye uvimbe wa taya na wa tumbo. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1958. Kisu kilishindwa kwa sababu uvimbe ulichipuka mahali pengi kwa pamoja; kukata taya kulimwachia mtoto kilema bila kumponya. Katika miaka ya 1960, dawa kama methotreksati na saiklofosfamidi ziliupunguza uvimbe huo kwa kasi, na baadhi ya watoto walipona pasipo kukatwa taya.

Swali la pili lilikuwa la kinga. Mwaka 1961 Burkitt, pamoja na madaktari Edward Williams na Clifford Nelson, alisafiri takriban kilomita 16,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika. Ilibainika kwamba ugonjwa ulifuata joto na mvua, na kutoweka katika nyanda za juu. Yaani, ulifuata ramani ya malaria.

Dhana hiyo ilipimwa Mara Kaskazini, eneo ambalo leo ni wilaya za Rorya na Tarime, iliyo na Kata ya Kemambo. Kati ya 1977 na 1982, watoto wa chini ya miaka 10 waligawiwa klorokwini. Malaria ilipungua mwanzoni, kisha ikaongezeka tena jaribio likiendelea. Visa vya saratani vilipungua pia, lakini upungufu huo ulikuwa umeanza kabla ya ugawaji wa dawa. Hivyo ushahidi haukukamilika.

Mbinu hizo tatu hazikufaulu kwa kiwango kimoja. Kisu kiliondoa kilichoonekana. Dawa ilifuata ugonjwa popote ulipojificha. Kinga ilitafuta chanzo chake. Kwa mzazi wa Mara ambaye meno ya mwanawe yanalegea ghafla na taya kuvimba, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtoto ataokolewa pamoja na uso wake.