Hua, Tetere, Pugi na Ninga

Tangu Sayyid Majid wa Unguja alipoanza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, mashamba na vichaka vya pembezoni, tokea Kinondoni mpaka Temeke, vimegeuka mitaa. Ndege wa jamaa ya njiwa wamesalia. Yanayopotea ni majina yao, maana siku hizi wengi huwaita wote njiwa tu.

Wazee wa pwani waliwabagua. Njiwa manga ni wa kufugwa. Nalo neno Manga, yaani Uarabuni, ladokeza kuwa alihesabiwa mgeni wa ng'ambo, kama pilipili manga. Wa mwituni walikuwa na majina yao wenyewe, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 imeyahifadhi: hua, tetere, pugi na ninga.

Miongoni mwa hua na tetere yumo wa kijivu, mwenye ukanda mweusi kisogoni; mlio wake ni wa mapigo matatu, la kati likivutwa. Mwenziwe mwenye macho mekundu ana ukanda huohuo, lakini ni mkubwa zaidi, na mapigo yake ni sita. Pugi ni mdogo, ana madoa ya kijani yang'aayo mbawani; sauti yake huanza polepole, kisha hushuka na kuharakisha hata ikafifia. Ninga ni wa kijani mwilini, hula matunda ya mikuyu, na majani humficha.

Jina likifa, sikio nalo huacha kubagua. Basi mwanafunzi na ayaulize majina haya kwa wazee wangali hai, ndipo ayatafute kamusini.