Miguu ya Mahujaji, Miguu ya Wapagazi

Kutoka mji wa Bhuj, katika nchi ya Kutch, hadi hekalu la Mama Ashapura lililoko Mata no Madh, ni mwendo wa kilomita zipatazo 100. Msomaji wa hapa kwetu na ajipimie mwenyewe: ni kama mtu atoke Korogwe hadi Handeni, kisha ageuke na kurudi nusu ya njia. Kila mwaka, katika siku za Navaratri ziangukazo kati ya Septemba na Oktoba, waja wengi mno huikata njia hiyo kwa miguu. Wako watokao mbali zaidi, hata Mumbai, na wako watembeao pekupeku kutimiza nadhiri.

Siku ya hujaji huanza kabla ya mapambazuko, maana nchi ile ni kame, miti yake ni ya miiba na kivuli ni haba. Jua likishakuwa kali, yeye huingia katika mabanda yaliyosimamishwa kando ya barabara na watu wa kujitolea. Humo hupewa maji, chai na chakula, wala haulizwi malipo. Akikaa, mtu asiyemjua huja akamwosha nyayo, akampaka dawa kwenye malengelenge na kumkanda misuli. Kwetu sisi Wahindu jambo hilo si dogo. Kugusa miguu ya mtu ni kumtukuza, na asiyeweza kutembea hupata fungu lake la hija kwa kumtumikia atembeaye. Jua likipoa, safari huendelea hadi usiku.

Hekalu lenyewe limepata misukosuko. Lilibomolewa na tetemeko la mwaka 1819, likajengwa upya; likaharibiwa tena na tetemeko la Januari 2001, na tena likatengenezwa. Njia haikusahauliwa.

Wengi wa wafanyabiashara wa Kihindu waliovuka bahari kuja pwani hii walitoka nchi hiyo ya Kutch. Forodha ya Unguja ilikuwa kwa miaka mingi mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Mundra. Mwingereza Richard Burton, alipopita Pangani mwaka 1857, alikuta Mabaniani wapatao ishirini wakiendesha biashara ya pembe za ndovu zilizotoka Nguu, Uchaga na Umasaini. Huko zilikotoka, wao hawakwenda. Walikopesha nguo, shanga na nyaya, na watu wengine wakatembea.

Waliotembea walikuwa wapagazi, watu wa pwani na wa bara, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, begani au kichwani. Hawakuwekewa mabanda, wala hakuna aliyewaosha miguu. Tena wako walioshushwa pwani wasirudi: njaa ya miaka ya 1830 iliwatupa Wazigua wengi utumwani, na wajukuu wao wangali wakisema Kizigua kando ya mto Juba, nchini Somalia. Historia ya jumuiya yetu isiyotaja hayo ina pengo.

Majirani wametuachia methali: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Tumeizoea, na tunaicheka pamoja nao. Lakini kiatu hicho hakikuikanyaga njia ya Nguu. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na baada ya hapo mwenye duka aliweza kuja bara ameketi ndani ya behewa, na bidhaa zake nyuma yake.

Kwa hiyo ninalo ombi moja kwa Kamati ya maadhimisho haya. Wageni wetu wengi watakuja kwa magari, lakini wako majirani watakaotoka vijijini kwa miguu. Meza ya chai na maji isiwekwe ndani ya ukumbi. Iwekwe nje ya lango, upande wa barabara, tangu alfajiri, na zamu ya kwanza ya kuhudumu ishikwe na wazee wa hekalu wenyewe.