Nyota tano za mchezaji: je, zatabiri ubingwa wa vyuo vya Marekani?

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Huko Marekani kuna biashara nzima iliyojengwa juu ya imani hiyo. Kila mwaka vijana wa shule za sekondari wanaocheza mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wa umbo la yai, hupimwa, hupangwa kwenye orodha na kupewa nyota, aghlabu kutoka mbili hadi tano. Mwenye tano huandamwa na makocha wa vyuo vikuu kama mwali anayeposwa na nyumba kumi. Mwenye mbili hungoja simu isiyolia.

Naliandika jambo hili kwa sababu jamaa zetu wengi wa Pwani wamehamia Marekani, na watoto wao wanakua na mchezo huo. Maswali yanayonifikia ni mawili. La kwanza: orodha hizi zina ukweli au ni biashara tu? La pili: kijana asiyepewa nyota aache? Jibu langu kwa ufupi ni kwamba nyota hutabiri vizuri habari ya kundi, na hutabiri vibaya habari ya mtu mmoja. Mzazi anayechanganya mambo haya mawili aweza kumuumiza mwanawe.

Nyota hutolewa vipi

Kampuni kama 247Sports, Rivals na ESPN zina watu wanaozunguka mashuleni, kutazama video za mechi na kuhudhuria kambi za mazoezi. Huangalia urefu, uzito, kasi, na jinsi kijana anavyocheza mbele ya wenzake wakali. Nyota tano hupewa wachache mno. 247Sports hulenga takriban vijana 32 kwa mwaka, kwa kuwa duru ya kwanza ya uteuzi wa ligi ya kulipwa, NFL, ina nafasi 32. Yaani nyota ya tano ni utabiri kwamba kijana huyu atafika daraja hilo. Wenye nne ni mia kadhaa, na wenye tatu hupita elfu moja.

Chuo kikubwa husajili vijana ishirini na kitu kwa mwaka. Wengi hutia saini mwezi wa Desemba, katika kipindi cha mapema kilichoanzishwa mwaka 2017, na waliobaki hutia saini Februari. Ukijumlisha viwango vya waliosajiliwa, unapata nafasi ya chuo katika orodha ya usajili.

Kwa kundi, hesabu husimama

Mwandishi wa michezo Bud Elliott alibuni kipimo chepesi. Chukua vijana wote waliosajiliwa na chuo kwa miaka minne mfululizo, kisha uliza: je, zaidi ya nusu yao walikuwa na nyota nne au tano? Vyuo vinavyocheza daraja la juu ni zaidi ya 130, lakini wanaovuka mstari huo wa nusu huwa hawafiki 20.

Sasa tazama mabingwa. Kuanzia msimu wa 2011 hadi wa 2024 kulitolewa mataji 14 ya kitaifa. Yote 14 yalikwenda kwa vyuo vilivyovuka mstari huo, na vyuo vyenyewe ni saba tu: Alabama, Florida State, Ohio State, Clemson, LSU, Georgia na Michigan. Clemson ya 2016 na Michigan ya 2023 zilivuka kwa tabu, lakini zilivuka.

TCU walijaribu kupita bila kibali hicho. Katika msimu wa 2022 waliitoa Michigan kwa 51-45 wakaingia fainali. Huko wakakutana na Georgia, wakachapwa 65-7. Georgia ile ilikuwa imetoka kupeleka wachezaji 15 NFL katika uteuzi mmoja wa 2022, na bado ilikuwa na hazina ya kutosha kutetea taji.

Sababu yake si ngumu. Katika mchezo huu washambuliaji 11 na walinzi 11 ni watu tofauti, na majeruhi ni wengi, kwa hiyo timu yahitaji kina cha wachezaji. Wanaotoa nyota hukosea, lakini ukisajili vijana ishirini wenye sifa, wakikuangusha watano, bado una kumi na watano. Kosa juu ya mmoja hufidiwa na wengine. Ndiyo maana utabiri unaoyumba kwa mtu mmoja huweza kusimama kwa timu nzima.

Mahali orodha inapokwama

Kwanza, orodha hukuonyesha waliofika mlangoni. Haikuambii nani ataingia na kombe. Mwaka 2022 Texas A&M walisajili kundi lililopewa alama za juu kuliko yote yaliyowahi kuorodheshwa na 247Sports. Msimu huohuo walishinda mechi 5 na kupoteza 7, na mojawapo ya walizopoteza ilikuwa nyumbani, 17-14, mbele ya Appalachian State, chuo ambacho hakikaribii usajili wa namna ile. Mwaka uliofuata kocha Jimbo Fisher aliachishwa kazi, na kuvunja mkataba wake kuligharimu zaidi ya dola milioni 75. Vipaji vilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuvifanya kuwa timu.

Pili, nyota zenyewe zina mwangwi ndani yake. Wanaozitoa hutazama pia ni vyuo gani vinamtaka kijana. Alabama au Georgia wakibisha hodi kwake, nyota zake huweza kupanda. Na vyuo hivyohivyo ndivyo vyenye fedha nyingi, makocha wa bei ghali na viwanja vikubwa. Kwa hiyo orodha inapotabiri kwamba tajiri atashinda, sehemu ya utabiri huo ni utajiri wenyewe.

Kwa mtu mmoja, tahadhari

Hapa ndipo watu wanapotatizika. Mmoja atakwambia wachezaji wengi wa NFL hawakuwa na nyota tano, kwa hiyo nyota ni upuzi. Mwingine atakwambia mwenye tano ana nafasi kubwa zaidi. Wote wawili wasema kweli, na hesabu ya mfano itatusaidia. Tuseme, kwa mfano tu, kati ya vijana 32 wenye nyota tano nusu wafika NFL: hao ni 16. Tuseme kati ya vijana 1,000 wenye nyota tatu wafika 5 kwa kila mia: hao ni 50. Wa nyota tatu ni wengi kuwashinda wa tano, ijapokuwa nafasi ya kila mmoja wao ni ndogo mara kumi. Mzazi wa mwenye tatu asidanganywe kwamba mlango umefungwa, wala asidanganywe kwamba uko wazi kama wa mwenzake.

Mifano ya waliopita mlango mwembamba ni mingi. Stetson Bennett alijiunga na Georgia bila ufadhili wa masomo, akaondoka kwenda chuo kidogo, akarudi, kisha akawa kotabeki, yaani mrushaji mpira na kiongozi wa mashambulizi, wa timu iliyotwaa mataji ya 2021 na 2022. Baker Mayfield naye alianza bila ufadhili, na mwaka 2017 akashinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Josh Allen alimaliza sekondari bila ya chuo kikuu chochote kikubwa kumtaka. Alipitia chuo kidogo cha California, akaenda Wyoming, na katika msimu wa 2024 akawa mchezaji bora wa NFL. Ezekiel Ansah wa Ghana alikwenda BYU akiwa hajawahi kuucheza mchezo huu. Alianza mwaka 2010, na mwaka 2013 akachaguliwa wa tano katika uteuzi mzima wa NFL.

Makosa haya yana sababu. Mvulana wa miaka 16 bado anarefuka. Mwingine anaishi mji mdogo asikofika mpimaji. Kuna pia mambo yasiyopimwa kwa saa wala mizani: subira, usikivu, na kuamka alfajiri wakati hakuna anayekutazama.

Mchezo umebadilika

Tangu 2021 mchezaji aweza kuhama chuo na kucheza mara moja, bila kukaa nje mwaka mzima kama zamani. Mwaka huohuo wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na kuanzia Julai 2025 vyuo vyenyewe vyaweza kuwalipa. Kocha sasa aweza kuchukua kijana wa miaka 22 aliyekwisha kuthibitika uwanjani, badala ya kubahatisha kwa wa miaka 17.

Indiana ndio walioonyesha maana ya mabadiliko hayo. Chuo hiki kilikuwa miongoni mwa vyenye vipigo vingi zaidi katika historia ya mchezo. Mwaka 2023 kilishinda mechi 3 tu. Kocha Curt Cignetti akaja kutoka James Madison na wachezaji wake zaidi ya kumi, na msimu uliofuata wakashinda 11. Januari 2026 waliifunga Miami na kumaliza msimu wa 2025 wakiwa mabingwa, bila kupoteza mechi hata moja. Hesabu yao ya nyota ilikuwa chini sana ya nusu. Kotabeki wao, Fernando Mendoza, mshindi wa Heisman, aliwahi kukubali kwenda Yale, chuo kinachosifika kwa masomo kuliko mpira, kabla ya California kumchukua na kisha Indiana.

Je, kanuni ya Elliott imekufa? Sidhani. Bingwa mmoja kati ya 15 hafuti hesabu. Lakini nyota za sekondari sasa ni kipimo kimoja miongoni mwa vingi, na zinazeeka upesi kuliko zamani.

Kwa wazazi walio huko

Ukitaka kujua timu gani itawania ubingwa, tazama orodha ya usajili, kisha mtazame kocha na waliohamia. Ukitaka kujua mwanao atakuwa nani, orodha haitakutosha. Kambi za kuwinda nyota hugharimu fedha, na sioni busara ya kukopa kwa ajili yake. Linaloweza kuandaliwa nyumbani ni masomo. Ili acheze mwaka wake wa kwanza katika daraja la juu la vyuo, NCAA yataka kijana awe amefaulu masomo 16 ya msingi, kwa wastani usiopungua 2.3. Wapo vijana waliotakwa na vyuo wakakwama hapo, na hilo halina nyota ya kulifidia. Kaeni naye tangu mwaka wa kwanza wa sekondari, mhesabu masomo hayo pamoja.