Muhuri na Mkono wa Mwingine: Uchongaji wa Mihuri ya Wasanii Nchini Japani

Makala haya yanakusudia kuchunguza suala moja linalomhusu kila mhakiki. Aghalabu muhuri mwekundu katika mchoro au hati ya Kijapani huchukuliwa kuwa ithibati kwamba kazi ni ya msanii fulani. Je, tuseme nini iwapo muhuri huo ulichongwa na mtu mwingine?

Kihistoria, muhuri ulikuwa kwanza chombo cha mamlaka. Muhuri wa dhahabu uliofukuliwa katika kisiwa cha Shikanoshima mwaka 1784 huaminiwa na wataalamu wengi kuwa ndio ule uliotolewa na mfalme wa Uchina mwaka 57. Muhuri wa msanii ulikuja baadaye sana. Katika karne ya 16, Wen Peng na wasomi wenzake wa Uchina walijitwalia kazi iliyokuwa ya mafundi, wakachonga kwa mikono yao katika mawe laini. Sanaa hiyo, ambayo Wajapani huiita tenkoku, ilipelekwa Japani na wageni kama Dokuryu, aliyefika Nagasaki mwaka 1653, na mtawa Shin'etsu, aliyefika mwaka 1677.

Kazi yenyewe yadai usomi na wepesi wa mkono pia. Mchongaji huandika herufi za hati ya kale kinyumenyume juu ya jiwe, kisha huzichonga kwa kisu kidogo cha chuma. Akizichimba zenyewe, zitatokea nyeupe katika uwanja mwekundu. Akichimba kandokando yake, zitatokea nyekundu. Rangi hutokana na unga wa madini mekundu ya zebaki uliochanganywa na mafuta ya mbarika.

Aliyeikuza sanaa hii kuliko wengi ni Ko Fuyo (1722–1784), ambaye Wajapani humtukuza kama walii wa mihuri. Fuyo aliacha mtindo wa madoido uliotamba wakati wake, akarejea mihuri ya enzi za Qin na Han. Alikuwa sahibu wa mchoraji Ike no Taiga, na mwaka 1760 walikwea pamoja mlima Fuji. Baadhi ya mihuri ya Taiga ilitoka mikononi mwa Fuyo. Kwa hivyo, atazamaye mchoro wa Taiga wenye muhuri kama huo atazama kazi ya watu wawili, ingawa jina lisomekalo ni moja.

Hata hivyo, mchongaji hakunyamaza kabisa. Ubavuni mwa jiwe huchonga jina lake, na pengine tarehe na maneno machache. Maandishi hayo hayatokei muhuri upigwapo karatasini. Huonwa na yule ashikaye jiwe mkononi.

Twahitimisha kwamba muhuri wathibitisha umiliki wa jina, wala si upweke wa mkono. Mhakiki anayekomea kwenye alama nyekundu amesoma uso wa jiwe, akausahau ubavu.