Amri za Ndani katika Gofu ya Programu
Mashindano ya kuandika programu kwa herufi chache kabisa, yaliyoshamiri miongoni mwa watumiaji wa lugha ya programu ya Perl mwishoni mwa miaka ya 1990 na kupewa jina la gofu, mchezo ambao mshindi wake ni mwenye mapigo machache, yalizua suala la amri za ndani, yaani kazi ambazo lugha huja nazo tayari. Mwaka 2001 Cliff Biffle alibuni HQ9+, lugha ya mzaha ambamo herufi Q pekee huchapisha msimbo wa programu yenyewe, jambo linalodhihirisha kwamba ufupi mtupu haupimi ustadi. Baadhi ya waandaaji walizipiga marufuku amri hizo. Wengine, kwa haki zaidi, waliziruhusu na kutunga maswali yasiyo na jibu lililo tayari.