Kioo Cheusi na Lugha ya Utatuzi: Historia ya Hitilafu Moja ya Linux kwa Kurejelea Fundi wa Pasiansi, Mwanza

Kazi ya fundi wa kompyuta katika kata ya Pasiansi, kwenye njia itokayo mjini Mwanza kuelekea uwanja wa ndege, haina nafasi katika historia ya teknolojia nchini kama inavyoandikwa kwa kawaida. Historia hiyo hufuata nyayo za Serikali: kompyuta ya kwanza kufungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, kisha marufuku ya mwaka 1974 ya kuingiza kompyuta nchini, baada ya mradi wa kuweka hesabu za Serikali kwa mashine kushindwa. Hata hivyo, swali lililoachwa na marufuku ile, yaani nani aielewe mashine inapogoma, ndilo linalowekwa mezani kwa fundi huyu kila siku.

Hitilafu inayojadiliwa ni ya kompyuta mpakato yenye Linux: taa zinawaka, feni inazunguka, kioo ni cheusi. Fundi stadi haanzi kwa kufungua skrubu. Hukimulika kioo kwa tochi kutoka upande. Picha hafifu ikionekana, kilichokosekana ni mwanga wa nyuma, si picha. Kisha huunganisha monita ya nje. Hiyo ikionyesha picha, shaka hubaki kwa kioo, waya wake, au programu inayokiamuru. Dalili ya tatu ndiyo yenye uzito wa kihistoria. Nembo ya kampuni ikitokea mashine inapowashwa, na giza likaingia Linux inapoanza, kwa kawaida kioo na waya ni vizima. Kasoro imo katika programu.

Dalili hiyo haikuwa na maana ileile nyakati zote. Linus Torvalds aliitoa Linux mwaka 1991, na kwa miaka mingi baadaye mpangilio wa picha uliwekwa na programu ya X, nje ya kiini cha mfumo. Giza lilikuja mwishoni, maandishi ya uwashaji yakiwa yamekwisha kupita kiooni, na lilitibiwa kwa kuhariri faili la X kwa mkono. Toleo la 2.6.29 la kiini, la Machi 2009, lilianza kuihamishia kazi hiyo ndani ya kiini chenyewe, likitangulia na chipu za Intel. Faida zake zimesifiwa vya kutosha. Gharama yake haisemwi sana: kiini kikikosea, giza huja mapema na kuyafunika maandishi yaleyale ambayo fundi angeyategemea. Ndipo tiba ya kwanza ikawa kuongeza neno nomodeset katika mstari wa uwashaji, ili kiini kisiuguse mpangilio wa picha. Pale ambapo picha ipo ila mwanga umezimwa, hujaribiwa acpi_backlight, kwa sababu kampuni nyingi ziliandaa mashine zao zikiilenga Windows.

Maneno hayo si ya Kiswahili, na hapa ndipo pana mgogoro. Desemba 2004, mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Yalikuwa mafanikio makubwa, lakini yalimhudumia mwandishi wa barua, ambaye kioo chake kinafanya kazi. Ujumbe wa kiini ulibaki kwa Kiingereza, na umebaki hivyo hadi leo. Kikwazo hakikuwa herufi: Kiswahili huandikwa kwa herufi zilezile za Kilatini ambazo kioo kitupu cha Linux kimeweza kuzionyesha tangu mwanzo. Watafsiri walianza na kile mtumiaji anachokiona. Fundi wa Pasiansi huanzia pale pasipoonekana kitu, na nomodeset huishika kichwani herufi kwa herufi, kama namba ya simu.