Vidole Vifupi, Nyimbo Kubwa: Stori ya Jamaa Wawili wa Moscow na Kinanda cha Kwaya

Wadau wa Rock City, leo tunaongelea vidole.

Kama umewahi kukalia kinanda cha kwaya, kuanzia Buhongwa mpaka Igoma, unaijua hii shida. Besi iko chini kabisa, tena imepanda juu, na mkono wa kushoto ni mmoja tu. Vinanda vikubwa vya kanisani vina pedali, kwa hiyo besi inapigwa kwa miguu. Hivi vyetu vya umeme mara nyingi havina, mkono unabeba kila kitu. Hapo ndipo mtu, hasa binti, anaambiwa: "Vidole vyako vifupi, wewe kaimbe tu." Na wengi wanaacha kweli.

Sasa sikia historia.

Mwaka 1892 vijana wawili walimaliza chuo cha muziki Moscow, wote na medali za dhahabu. Mmoja, Sergei Rachmaninoff, alikuwa mrefu na mikono yake ilikuwa balaa. Tamasha lake la pili la piano na okestra, alilolipiga lote kwa mara ya kwanza mwaka 1901, linaanza na piano peke yake, nota nyingi kwa mpigo mmoja. Mkono wa kushoto unatakiwa kufunika vibonyezo vyeupe kumi. Jamaa alijiandikia saizi yake!

Mwenzake, Alexander Scriabin, alifika tisa kwa taabu. Mwaka 1891 alijilazimisha kufanya mazoezi ya nyimbo ngumu za Liszt na Balakirev mpaka mkono wa kulia ukaumia vibaya. Madaktari wakakata tamaa. Yeye hakukata. Mwaka 1894 akatunga vipande viwili vya mkono wa kushoto peke yake, ambavyo vinapigwa mpaka leo. Baadaye mkono ukapona, akarudi jukwaani.

Kingine ambacho wengi hawakijui: saizi ya piano haikushushwa kutoka mbinguni. Leo kutoka do mpaka do ya juu yake ni kama milimita 165. Piano za Vienna enzi za Mozart zilikuwa kama 159. Bingwa Josef Hofmann, ambaye Rachmaninoff alimtunukia tamasha lake la tatu mwaka 1909, alikuwa na mikono midogo. Kampuni ya Steinway ikamtengenezea piano zenye vibonyezo vyembamba kidogo. Na lile tamasha alilotunukiwa? Hakuwahi kulipiga mbele ya watu. Bado alihesabiwa kati ya wapiga piano wakubwa wa zama zake.

Tena huhitaji kwenda Urusi. Vuka ziwa letu hili hili mpaka Buganda, kuna amadinda, marimba ya magogo yenye vibao 12. Wanapiga watu watatu. Wawili wanakaa wakitazamana, nota za huyu zinaingia katikati ya nota za yule, wa tatu anashika vibao viwili vya mwisho vya juu. Ukisikiliza unaweza kudhani ni mtu mmoja mwenye mikono sita. Huko upana wa muziki haukuwa mzigo wa mkono mmoja, watu waligawana.

Na hata kwenye kinanda cha kwaya unaweza kugawa. Tena mpe mkono wa kulia. Nota inayojirudia iache. Kama kuna gitaa la besi, mwachie besi yake. Pakishindikana kabisa, piga nota moja baada ya nyingine haraka haraka, kutoka chini kwenda juu. Mabingwa wakubwa wanafanya hivyo hivyo kwenye ule mwanzo wa Rachmaninoff. Ila ukisikia maumivu, acha. Kumbuka yaliyompata Scriabin.

Kwa hiyo dada yangu, mdogo wangu, rudi kwenye kinanda. Mkono wako hauna kasoro, ni nota tu ziliandikwa na mtu mwenye mkono mwingine.

Haya, tuambie: wewe mkono wako unafunika vibonyezo vingapi?